Mashine Isiyosaga Kimea

Jumatatu, 17 Februari

Daftari hili nimepewa na nesi Clara wa zahanati. Presha imepanda tena. Aliniuliza nini kinanikera, nikamwambia achague mwenyewe, mie sina siku nzima. Akacheka, akafungua kabati, akatoa daftari, akasema kila siku niandike kilichonipandisha hasira, nimpelekee masika yakiisha. Eti nikiandika kitanitoka. Haya Clara. Leo kilichonikera ni wewe kunifunga mkono na lile dude lako mara tatu, halafu ya nne.

Alhamisi, 20 Februari

Lori limemwaga tofali kiwanjani.

Clara, hujafikaga kwangu, kwa hiyo nikueleze. Mie Mwajabu nina mashine ya kusaga nafaka, na ndogo ya kukoboa pembeni yake, huku Goba, bondeni, fremu ya mwisho katika tatu zilizopangana. Ya kwanza ni genge la mboga la Tupokigwe, mama Lusungu, Mnyakyusa wa Tukuyu, jirani yangu mwaka wa kumi na nne huu. Ya katikati ni ya Adelard, fundi cherehani. Kituo cha daladala kiko juu kilimani. Mtu akishuka pale anakata kiwanja cha wazi, anateremka kwa miguu, anatokea mbele ya fremu zetu, akiwa na njaa, na suruali iliyochanika, na mahindi ya kusaga. Hiyo ndiyo biashara yetu yote. Sie hatuna kibao wala tangazo, tuna njia.

Sasa kumbe kiwanja kina mwenyewe. Bwana Stanley, kijana wa makamo, shati safi, alikinunua miaka sita iliyopita na leo kaja kujenga ukuta. Nilimfuata nimejiandaa kwa maneno yangu. Akaniwahi na shikamoo, akainama, akasema pole mama kwa usumbufu. Mtu wa namna hiyo hata kumtukana huwezi. Nimerudi na maneno yangu yote.

Jumatatu, 24 Februari

Ukuta umefika kiunoni. Vijana wanaruka. Mwanamke mwenye ndoo ya mahindi kichwani haruki ukuta.

Alhamisi, 27 Februari

Umefika juu ya kichwa, na vipande vya chupa wamepachika. Leo tangu asubuhi wamepita watu wanne mbele ya fremu, na mmoja alikuwa kapotea njia. Ukitaka kuja kwetu sasa lazima uzunguke kwa barabara ya vumbi, dakika ishirini na tano, na njiani kuna mashine mbili nyingine.

Tulikwenda watatu kwa mwenyekiti wa mtaa. Katoa ramani, kaikunjua mezani, kaweka kidole. Njia haipo. Nikamuuliza, hii tuliyoipita miaka ishirini ni nini? Akasema ni mazoea. Nimerudi kichwa kinagonga. Tupokigwe kanikalisha kwenye kiti chake, kanipa maji ya ndimu, na Adelard kasimama tu anaangalia cherehani yake.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa kwanza. Miaka mingine, wiki ya kabla ya Ramadhani, foleni ya akina mama ilikuwa inafika hadi kwenye genge: mchele wa vitumbua, mtama wa uji, mahindi. Mwaka huu nimekaa kwenye kiroba nahesabu mijusi.

Niseme kwa nini walikuwa wanakuja kwangu. Marehemu mume wangu, Hija, aliweka masharti siku alipoifunga mashine hii: hapa hakisagwi kimea, hausagwi ugoro. Kimea ni ulezi au mtama uliooteshwa ukaanikwa, na huku kwetu kinachopikiwa ni pombe. Mashine nyingine zinasaga chochote kinacholetwa. Kwa hiyo akina mama wa Kiislamu wa upande huu wote walikuwa wanateremka kwa Hija, na baada ya Hija kwangu, kwa sababu mwezi mtukufu hakuna anayetaka unga wake upite palipopita cha kilabuni. Mbele yao ni Bi Nusaiba, muuza vitumbua, mama wa watu. Akienda pahala yeye, wenzake kumi na tano wako nyuma yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimewapigia simu. Nikasema nafaka nitazifuata majumbani, nisage, nirudishe. Wote wamekataa, na wana haki. Mwanamke yeyote anayesaga anasimama pale pale mashineni, macho kwenye mfuko, mpaka unga wake utoke wote. Ukimwambia aachie mchele wake uondoke peke yake, atajuaje kilichorudi ni chake?

Tupokigwe ndiye aliyefikiri. Kaenda kwa Adelard kachukua vitambaa vya mabaki, kila kimoja rangi yake, kavikata vipande viwili viwili. Nusu inabaki kwa mwenye nafaka, nusu inafungwa kwenye kiroba. Tukakubaliana tukodi guta, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, Jumatatu na Alhamisi, viroba vyangu upande mmoja na mboga zake upande wa pili. Mie nizunguke na guta kwa kuwa wananijua, yeye abaki aangalie fremu zote mbili. Ufunguo wa pili wa mashine anao siku nyingi.

Bi Nusaiba nilimfuata kwake. Aliniuliza jambo moja tu, kama masharti ni yale yale. Nikamwambia Wallahi ni yale yale.

Alhamisi, 6 Machi

Viroba tisa. Matembele ya Tupokigwe yameisha kabla hatujafika nusu ya njia. Nimecheka leo, Clara, sijui kama hilo nalo linaandikwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Adelard kahamisha cherehani, kapata baraza juu barabarani. Kaaga vizuri. Fremu yake sasa inaingia popo.

Jumatatu, 10 Machi

Viroba kumi na kimoja. Havitoshi. Fransis, mwenye fremu, kaja na futi ya kupimia. Bwana Stanley anatafuta pa kuwekea saruji na nondo akianza nyumba yake, na anataka fremu kubwa, na kubwa ni yangu. Fransis anasema mwisho wa mwezi niwe nimemwonyesha kama nabaki au natoka. Alikuwa anapima huku anaongea, hata hakunitazama. Mashine hii Hija aliinunua kwa kuuza shamba la babake Kisarawe. Mie sina kingine. Sina.

Jumatano, 12 Machi

Nimesaga. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Clara, ukurasa huu nikikupa daftari nitakuwa nimeuchana.

Jana Tupokigwe alikwenda soko la Mabibo kufuata mboga. Saa tano hivi ikaja pikapu kwa barabara ya vumbi. Akashuka mtu anaitwa Jonas, namjua kwa sura, ni mpelekaji wa kimea kwenye vilabu. Mashine anayosagia imekatika mkanda, ana viroba kumi, analipa hapo hapo. Nikamwambia hapa hakisagwi. Akasema basi mama, akaingia kwenye gari. Akawasha. Na mie nikiwa nimesimama pale nikaiona kichwani futi ya Fransis.

Nikamwita arudi.

Nilirudisha mlango nusu, nikasaga kinywa changu kikiwa kimefunga. Harufu ile imenikaa puani mpaka sasa. Jonas alipoondoka nikapitisha pumba mara mbili, nikafungua chekeche nikalisugua, nikaukung'uta mfuko mpaka mikono ikaniuma. Nikajiambia chuma hakinywi pombe.

Tupokigwe aliporudi alisimama mlangoni kidogo, akauliza leo nimesaga nini. Nikasema pumba za kuku. Kimea yeye amekikulia, harufu yake anaijua. Akanitazama, akaenda kumwagia maji mchicha wake.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesaga mchele wa Bi Nusaiba na wa wenzake saba. Umetoka mweupe. Nimeuchungulia kwenye mwanga mara tatu.

Jumamosi, 15 Machi

Kaja mwenyewe. Kazunguka barabara yote ile ya vumbi kwa miguu, na saumu, na miaka yake sitini na kitu, kabeba bakuli.

Tulikuwa tumekaa mie na Tupokigwe mbele ya genge, tunachambua mchicha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa taabu. Akaliweka bakuli kwenye meza ya nyanya, akafunua. Unga wake, na katikati ya unga vipunje vyekundu vyekundu, vidogo, kama sita. Akasema na harufu anaijua, alipanga jirani na kilabu miaka minne. Halafu akasema kuna mtu kaiona pikapu ya Jonas inatoka huku wiki hii.

Nikafungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua. Sijui ningesema nini. Lakini Bi Nusaiba hakuwa ananiangalia mie, alikuwa anamwangalia Tupokigwe.

"Mama Lusungu," akasema, "Mwajabu akizunguka na guta, mashine anakuachia wewe. Ni wewe?"

Tupokigwe akaacha kuchambua. Akanigeukia. Hakukonyeza, hakukunja uso, alinitazama tu, na akaningoja. Clara, alingoja muda mrefu. Pikipiki ilipita juu barabarani, ikasikika ikaja, ikasikika ikaondoka, na bado alikuwa ananingoja. Nikainamisha kichwa nikachukua shina la mchicha.

"Nisamehe mama," akamwambia Bi Nusaiba. "Sikujua kama ni vibaya. Kwetu kimea ni cha togwa, tunawapaga hata watoto."

Bi Nusaiba akalifunika bakuli. Akasema asiyejua hana kosa, lakini mashine nisimwachie tena mtu asiyejua mambo yetu. Unga ule atawapa kuku, wenzake atawaambia mwenyewe, na mie niioshe mashine. Akanishika bega wakati wa kuondoka. Mie. Akanipa pole mie.

Alipopotea kwenye kona nikamwambia Tupokigwe ahsante shoga yangu. Akasema nisimshukuru.

"Nilikungoja useme, dada Mwaja," akasema. "Najua wakikuacha sasa hivi, Fransis anakutoa. Maliza Ramadhani yako. Idi ikipita, utawaambia."

Nikasema nitawaambia. Idi ikipita, nitawaambia.

Jumatatu, 17 Machi

Viroba kumi na nane. Habari ya kwamba nimemkataza Tupokigwe mashine imewafurahisha watu. Wale waliokuwa wanasitasita wameleta.

Mboga hazikununuliwa. Mwanamke wa kwanza kaniuliza kwa sauti ya chini kama ni za yule yule. Wa pili hakuuliza.

Alhamisi, 20 Machi

Viroba ishirini na viwili. Mchicha umerudi wote. Nilimwambia Tupokigwe jua lilikuwa kali, watu hawakutoka. Akasema sawa. Kulikuwa na mawingu kutwa nzima.

Jumapili, 23 Machi

Futari kwa Bi Nusaiba, kanialika na wenzake. Tambi, magimbi, uji wa pilipili manga. Tukiwa tumekaa mkekani wakaanza. Mmoja anasema watu wa bara hawana simile na vyakula vya wenzao. Mwingine anasema huyo alijua sana, togwa ni kisingizio. Wa tatu anasema yeye tangu zamani nyanya za pale zilikuwa zinamtia shaka, shaka ya nini hakusema. Bi Nusaiba akaniomba nimsogezee sahani ya tende. Nikasogeza.

Nilichokasirikia leo, Clara, ni yule wa nyanya. Nilitaka kumrukia. Nimekaa kimya, nimekula magimbi, nimerudi nyumbani na hasira za kujidai namtetea mtu.

Alhamisi, 27 Machi

Viroba thelathini. Fransis kapita, kaona, kasema nabaki. Bwana Stanley atachukua fremu ya Adelard. Nilitakiwa kufurahi, nimefurahi mpaka nilipotoka nje nikamkuta Tupokigwe anawatupia mbuzi nyanya zilizolainika.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimepika pilau, na kama kila mwaka nimempelekea Tupokigwe sahani ya kwanza. Hakuwepo, nimemwachia bintiye Lusungu. Jioni sahani imerudi imeoshwa. Tupu. Miaka kumi na minne sahani haijawahi kurudi tupu kati yetu, hata kama ni ndizi mbili, hata kama ni chumvi.

Sikuwaambia. Siku ya Idi hayazungumzwi hayo.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kubwa. Guta halikwenda. Nitawaambia Jumatatu.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikuwaambia. Ila kuna habari: ukuta umepasuka. Maji ya kilimani yameukusanyikia mgongoni na ufa umetoka juu mpaka chini, mkono unaingia. Nilikwenda kuuangalia mara nne. Nikajiambia ukianguka, njia inarudi, watu wanarudi, Tupokigwe anauza mboga zake kwa wapita njia wasiojua habari hii, na hakutakuwa na haja ya kusema kitu kwa mtu. Niliomba Mungu auangushe. Kwenye mvua, nimejifunika kanga kichwani, naomba Mungu aangushe mali ya mtu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Ufa umekua.

Jumatano, 9 Aprili

Bwana Stanley kaleta mafundi. Wameacha matundu chini ya ukuta ya kupitishia maji, wamesimamisha nguzo tatu za zege. Aliponiona akanipa shikamoo akasema sasa hautikisiki mama, msiwe na wasiwasi kuwa utawaangukia.

Jumamosi, 12 Aprili

Genge lina mafungu manne ya vitunguu na maboga mawili. Nilinunua boga lisilo na kazi. Alinipimia, akanifungia, tukaongea habari ya mvua. Hakuuliza. Afadhali angeuliza. Afadhali angenitukana hadharani nami nimjibu, kutukanana najua, nimezaliwa Temeke.

Jumatano, 16 Aprili

Tupokigwe kahama. Nilifika asubuhi nikakuta genge wazi, kafagia, kaacha meza ambayo ni ya Fransis. Kwenye msumari wa mlango wangu ulikuwa unaning'inia ufunguo wa pili wa mashine.

Hajaniaga. Adelard ndiye aliyenieleza kwa simu kwamba kapata upenyo juu barabarani, anapanga mboga chini kwenye turubai.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kila Pasaka alikuwa ananiletea kuku na ndizi za kwao, mapema, kabla hajaenda kanisani. Nimepiga deki mara mbili. Nimekaa dirishani kama mjinga mpaka adhuhuri.

Nimekuwa nikijiambia sisemi kwa sababu ya mashine. Leo nimejiuliza, mashine imeshapona, Fransis kasema nabaki, sasa nanyamazia nini? Nanyamaza kwa sababu kwa Bi Nusaiba nikiingia wananipisha nikae. Kwa sababu baada ya Hija kufa nilikuwa mjane wa bondeni, na sasa mie ni Mwajabu mwenye mashine safi. Hilo tu. Kwa hilo nimemla mwenzangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Hitma ya marehemu baba yake Bi Nusaiba. Akina mama kama ishirini barazani, mvua inapiga bati. Tulisoma, tukamaliza, ikaletwa chai. Nilikuwa nimejipangia kumwita Bi Nusaiba pembeni, chumbani, tuongee wawili. Halafu yule wa nyanya akasema Alhamdulillahi na lile genge limeondoka.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kikombe kilikuwa mkononi na sikujua pa kukiweka.

"Kile kimea nilisaga mie," nikasema. "Mama Lusungu alikuwa Mabibo. Nilisaga mie, kwa mkono wangu, nimefunga, na nilijua."

Nikaeleza yote: Jonas, pumba, bakuli, na jinsi alivyoningoja. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku za msiba. Hakuna aliyenikatiza.

Bi Nusaiba alikuwa akitazama mkeka. Nilitegemea kelele. Aliponyanyua uso alikuwa na machozi, na hakupandisha sauti.

"Kimea ningekusamehe, Mwajabu," akasema. "Mashine inaoshwa. Lakini mwezi mtukufu umefuturu kwenye mkeka wangu, sie tunamsengenya yule mwanamke na saumu zetu, na wewe unatusogezea tende. Umetuachia tule nyama yake. Saumu yangu nitaidai kwa nani?"

Nilitoka. Hakuna aliyeniambia nibaki mvua ipungue.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda juu barabarani. Turubai la Tupokigwe lilikuwa limefunikwa kwa ajili ya mvua, yeye kajikunyata chini ya baraza la Adelard. Nikamwambia nimesema. Nikamweleza mbele ya nani, na Bi Nusaiba kajibu nini. Nilikuwa nimelia njiani, nikalia tena.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza leo ni tarehe ngapi. Nikamwambia ishirini na tano. Akasema, "Idi ilikuwa tarehe thelathini na moja." Halafu kaja mteja anataka bamia, akainuka.

Jumatatu, 28 Aprili

Guta limezunguka nyumba zote. Viroba viwili.

Alhamisi, 1 Mei

Kiroba kimoja, cha mwanamke mgeni wa mtaa ambaye hajasikia. Nilimweleza mwenyewe kabla hajakishusha kichwani. Akafikiri, akasema yake ni mahindi ya ugali tu, saga mama.

Jumatatu, 5 Mei

Nimempelekea Fransis ufunguo wa fremu kabla hajauliza. Mashine ya kukoboa imechukuliwa na mtu wa Mbweni. Hii ya kusagia nimebaki nayo, imekaa uani kwangu chini ya turubai, na Adelard anasema kuna nafasi ya kibanda nyuma ya baraza lake, mahali wanapopita watu. Nimemwambia amuulize kwanza Tupokigwe kama ataweza kuniona kila siku. Karudi kasema Tupokigwe kajibu barabara si yake.

Nimekwenda kwa Bi Nusaiba kumuomba radhi peke yake. Alinifungulia, akanipa maji, tukakaa. Kaniambia wao wenyewe wamekwenda kwa Tupokigwe, watano, wamemwomba msamaha, na siku hizi mboga zote wananunua kwake. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Akasema usishukuru haraka. Unga wao wanasaga kwingine.

Jumapili, 11 Mei

Masika yanakatika. Jua limetoka leo, matope yameanza kupasuka.

Nilikwenda kununua nyanya. Turubai la Tupokigwe limejaa: mchicha, bamia, nyanya chungu, na akina mama wameinama pale wanachagua, wawili wa mkekani kwa Bi Nusaiba miongoni mwao. Wakanisalimu, nikaitika. Nikasubiri zamu yangu. Aliwahudumia wote huku anacheka nao, akimtupia kila mmoja kitu juu ya alichonunua, pilipili mbili, kitunguu, fundo la kotimiri. Ndivyo alivyo, mkono wake haujawahi kufunga mfuko bila kuongeza.

Ikafika zamu yangu. Nikaonyesha fungu. Akazitia mfukoni, akafunga, akanirudishia chenji kwa mikono miwili kwa adabu zote.

"Karibu tena, mama," akasema.

Nimefika nyumbani nimezimimina kwenye sinia. Nyanya sita, zile zile za kwenye fungu. Nimeukung'uta mfuko, nimeugeuza ndani nje, na hamna kitu.

Kesho nitakwenda tena. Hizi sita hazitakuwa zimeisha, lakini nitakwenda.